Kijana wangu wa miaka 15 anataka kukimbiza pikipiki zisizo na breki. Nimruhusu?

“Naishi Glasgow na wanangu wawili. Mwaka jana jirani alitupeleka uwanja wa Ashfield kuwaona Tigers, timu ya ligi daraja la pili ya mbio za pikipiki ziitwazo spidiwei. Tangu siku hiyo mkubwa, ana miaka 15, hana habari nyingine. Anataka kwenda kujifunza, na anasema akifika 18 atakuwa kwenye timu ya daraja la pili na atajilipia chuo mwenyewe. Mimi nimeambiwa pikipiki zile hazina breki. Kaka yangu alivunjika nyonga kwa bodaboda Mwanza, mpaka leo anatembea na mkongojo, na watu wa nyumbani wanasema nina wazimu hata kulifikiria jambo hili. Isitoshe, daraja la pili si ndilo la walioshindwa? Naomba unieleze taratibu: hatari yake hasa ni ipi, na msimu mmoja kwenye ligi hiyo unamfanya nini kijana?”

Dada yangu, pole kwa yaliyompata kaka. Nitaanza na breki kwa sababu ndizo zinazokunyima usingizi, ingawa kwa maoni yangu hapo ndipo penye hofu kubwa kuliko jambo lenyewe. Kazi yangu ni ufundi wa pikipiki hizi. Wazazi ninaokutana nao huja wakiuliza breki, na kinachowachosha baadaye huwa ni vitu ambavyo hawakuuliza kabisa: barabara, gharama, na hesabu moja inaitwa wastani, ambayo nitakueleza kwa kirefu.

Ni kweli hazina breki, mbele wala nyuma. Hazina hata gia za kubadilisha wakati wa mbio, ni gia moja na klachi. Injini ni ya silinda moja, CC 500, inakunywa methanoli badala ya petroli, na uzito wa chini unaoruhusiwa kwa pikipiki nzima ni kilo 77. Madereva wanne hupanga mstari nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne kuelekea kushoto, na ndani ya dakika moja hivi mbio zimekwisha.

Sasa itazame kona ya kwanza. Wanne wanaingia bega kwa bega, tairi ya mbele ya huyu ikikaribia kugusa ya nyuma ya yule. Mmoja wao akishika breki pale, aliye nyuma yake hana pa kwenda, atampanda mgongoni. Kwa kuwa hakuna mwenye breki, kila mmoja anajua kwamba aliye mbele hawezi kusimama ghafla. Mwendo wanaupunguza kwa njia nyingine. Dereva huitupa nyuma ya pikipiki itoke upande, tairi ya nyuma inaserereka kwenye changarawe laini, na kule kuserereka ndiko kunakokula kasi. Usukani unatazama kulia huku pikipiki ikienda kushoto. Mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma juu ya buti, unaburuzwa chini kumsaidia dereva asipoteze mizani.

Hatari yenyewe imejificha hapo hapo. Pikipiki inaserereka vizuri maadamu dereva ameyaacha mafuta wazi. Anayejifunza akiingiwa na woga katikati ya kona, mkono wake hufanya ambacho mkono wa mtu yeyote ungefanya, unafunga mafuta. Papo hapo tairi ya nyuma inaacha kuteleza, inashika ardhi, pikipiki inanyooka yenyewe na kuelekea kwenye uzio. Inaweza hata kumrusha dereva juu. Kitu hicho hicho humpata hata mzoefu akikuta shimo au sehemu yenye udongo mwingi uliolowa: tairi inashika asipotarajia. Kwa hiyo utamsikia mwalimu uwanjani akipiga kelele “usifunge, usifunge!” wakati akili yako ya mzazi inapiga kelele kinyume chake. Miezi ya kwanza ya mafunzo kazi yake ni kuufundisha mkono usitii woga.

Ukilinganisha na bodaboda ya Mwanza, kuna tofauti ambazo ni haki kuzitaja. Hakuna lori linalokuja mbele, wote wanakwenda upande mmoja. Dereva amefungwa kamba kwenye mkono, na akianguka kamba ile inachomoka na kuzima injini. Kwenye kona za viwanja vingi kuna uzio wa mifuko ya hewa. Kofia ngumu, kinga ya mgongo na suti nzito si hiari. Na mbio hazianzi bila ambulensi na wahudumu wa tiba. Ambulensi ikiondoka na majeruhi, watu wote wanakaa wakisubiri nyingine.

Lakini sitakudanganya. Mitulinga huvunjika, vifundo vya mikono huvunjika, miguu pia, na vichwa hutikisika. Na kuna mabaya zaidi ya hayo. Darcy Ward, kijana wa Kiaustralia aliyekuja Uingereza akaiendeshea klabu ya King's Lynn wakati ikiwa daraja la pili, alipanda mpaka akahesabiwa miongoni mwa wenye vipaji vikubwa kabisa duniani. Agosti 2015 alianguka uwanja wa Zielona Góra, Poland, akaumia uti wa mgongo, na hajatembea tena. Mtu akikuambia mchezo huu ni salama, usimsikilize. Mtu akikuambia kila anayepanda atavunjika nyonga, naye pia usimsikilize.

Kuhusu “ligi ya walioshindwa”, hilo ningependa ulifute kabisa, kwa sababu kijana wako analijua na mkibishana atakushinda. Daraja la pili la sasa lilizaliwa 1968, wakati Ligi ya Uingereza ilipoona haina pa kuwaweka wanaojifunza. Bingwa wa kwanza, 1968 na tena 1969, alikuwa Belle Vue Colts, yaani kikosi cha vijana cha klabu kubwa ya Manchester. Tangu hapo hakuna Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia bila kupita huko. Peter Collins, bingwa wa 1976, alianzia Rochdale. Michael Lee, bingwa wa 1980, alipita Boston, ile ya Uingereza. Gary Havelock wa 1992 alipita Middlesbrough. Mark Loram wa 2000 alikuwa na miaka 17 alipokuwa kwenye kikosi cha Hackney kilichochukua ubingwa wa daraja la pili 1988. Tai Woffinden, aliyetwaa dunia 2013, 2015 na 2018, alianza daraja la tatu na Scunthorpe 2006, mwaka uliofuata akaenda klabu ya Rye House, nayo ikawa bingwa wa daraja la pili. Ligi imebadilisha majina mara kadhaa, kazi yake imebaki ile ile. Utakuta humo mtu wa miaka 40 aliyewahi kuiendeshea timu ya taifa akipanga mstari na mtoto aliyetoka shule mchana. Wengine wanaendesha daraja la kwanza na la pili kwa wakati mmoja, klabu mbili, msimu mmoja.

Tuje sasa kwenye msimu, maana hapa ndipo penye uzito wa swali lako.

Msimu unaanza Machi au Aprili na kumalizika Oktoba. Kila timu ina watu saba, mechi ina mbio 15. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Kila mbio ina wawili wa nyumbani na wawili wa wageni, kwa hiyo nyota wenu akishinda na mwenzake akamaliza wa mwisho, matokeo ni 3-3, hakuna aliyefaidika. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mbio zake zote na timu ikalala. Ushindi wa kweli ni 5-1, wawili wenu mbele. Baada ya mechi za ligi, timu za juu huingia kwenye mchujo, na fainali huchezwa nyumbani na ugenini kwa jumla ya pointi, kwa hiyo aliyeongoza jedwali tangu Mei anaweza kumaliza mikono mitupu.

Wastani ndio unaoamua maisha ya dereva. Chukua pointi zake, ongeza pointi za ziada anazopewa anapomaliza nyuma ya mwenzake wa timu moja na mbele ya mpinzani, gawanya kwa idadi ya mbio alizokimbia, zidisha kwa 4. Aliyepata pointi 9 na za ziada 2 katika mbio 5 ana 8.8 kwa mechi ile. Wastani wa msimu humfuata kama kitambulisho. Kisha klabu zote zinawekewa kikomo: jumla ya wastani wa watu saba isivuke kiasi fulani, ili tajiri asinunue nyota wote. Kikomo hupangwa upya msimu hadi msimu. Tuseme mwaka huu ni 40. Ukimchukua mtu wa 9 na mwingine wa 8.5, wale watano waliobaki unawagawia 22.5 tu.

Kwa hiyo kila meneja anatafuta kijana mwenye wastani mdogo kuliko uwezo wake. Kijana anayeingia na 3 na kufunga 6 ni dhahabu, ndiye anayeleta vikombe. Hapo mlango wa mwanao unafunguka kweli, na anaweza kuupata mapema kuliko unavyodhani. Atawekwa nambari 6 au 7, wale wa akiba, ambao mbio ya pili ya kila mechi hukutana wenyewe kwa wenyewe. Atashinda baadhi. Atajiona amefika.

Halafu orodha ya wastani inatolewa upya katikati ya msimu. Amepanda, sasa anatolewa akiba na kupelekwa juu, anakutana na watu wa 9 usiku mzima, pointi zinakauka. Na majira ya baridi yakifika, meneja anakaa na kalamu: yule wa 3 sasa ni wa 6, hatoshei tena kwenye kikomo. Bingwa wa Oktoba anaweza kuvunjwa Novemba kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa bingwa. Nimewaona vijana wakilia kwa kukosa timu baada ya msimu wao mzuri kuliko yote, na hakuna aliyewakosea. Mzazi asiyelijua hili humlaumu meneja, au vibaya zaidi, humlaumu mtoto. Msimu wa pili ndio unaovunja watu moyo, na dereva aliyevunjika moyo anaanza kulazimisha mapengo yasiyokuwepo kwenye kona. Huko ndiko wengi wanakoumia.

Ongeza barabara. Kila mji una siku yake. Kwa miaka ya karibuni, kwa kawaida Glasgow ni Ijumaa, Berwick Jumamosi, Poole Jumatano, Plymouth Jumanne. Timu za kaskazini hupanga kwenda kusini mara moja ili zimalize Plymouth na Poole kwa pamoja. Kutoka Glasgow mpaka Plymouth ni zaidi ya kilomita 750 kwenda tu. Leseni ya gari Uingereza ni miaka 17, kwa hiyo kwa sasa dereva wa vani ni wewe, dada, au umtafute mtu. Mvua ikinyesha saa moja kabla, mechi inaahirishwa na mnageuza. Mitihani ya Scotland nayo huanza mwishoni mwa Aprili, msimu ukiwa ndio umepamba moto.

Kuhusu kujilipia chuo, hapo kijana amepiga hesabu ya upande mmoja. Madereva wa daraja hili hulipwa hasa kwa pointi. Hujafunga, hujalipwa, umeumia, hujalipwa. Pikipiki ni zake mwenyewe, na anahitaji mbili, moja ikigoma apande nyingine. Kila moja ni maelfu ya pauni. Matairi huisha haraka, injini hurudi kwa fundi wake maalumu kila baada ya mbio kadhaa, na fundi huyo hakopeshi. Vijana wengi hawana faida miaka ya mwanzo. Wanabebwa na wazazi, kazi ya mchana na wafadhili wadogo, yule mwenye duka la vigae anayetaka jina lake kwenye suti. Na klabu zenyewe si imara. Workington ilichukua vikombe vitatu 2018, ligi ikiwemo, na 2019 haikuwepo. Eastbourne ilifunga katikati ya msimu wa 2021, Newcastle katikati ya 2022. Dereva anaweza kuamka hana timu na mwezi ni Juni.

Ufanye nini basi? Kumkatalia kabisa ni haki yako, na hakuna wa kukuhukumu. Akiwa chini ya miaka 18 bila saini yako hapandi. Ila kijana wa miaka 15 anayekatazwa bila sababu anayoweza kuielewa hutafuta njia ya pembeni, na pikipiki ya rafiki kwenye kiwanja kisicho na ambulensi ni mbaya kuliko Ashfield mara kumi. Mimi ningempa siku moja ya mafunzo, kwa pikipiki na vifaa vya kukodi, usinunue chochote. Uwanja mdogo wa Northside kule Workington umetumiwa na wanaojifunza kwa miaka mingi, na si mbali sana nanyi. Siku hiyo moja itajibu maswali mengi. Wapo wanaoanguka mara mbili, wakavua kofia, wakasema basi. Wapo wanaoanguka mara mbili na kuuliza zamu yao nyingine ni saa ngapi.

Akiwa wa kundi la pili, msimu mzima wa mazoezi, kisha daraja la tatu, ambalo liko kwa ajili hiyo. Meneja wa daraja la pili akimtaka baada ya miezi sita kwa sababu wastani wake utakuwa mdogo, hapo ndipo useme hapana kwa sauti. Anamtaka kwa hesabu yake, si kwa maendeleo ya mtoto. Na kama kinachomvuta ni harufu ya methanoli na kelele zaidi ya mbio zenyewe, kuna kazi eneo la mafundi. Fundi mzuri wa injini hana wastani wa kumfukuzisha kazi akiwa na miaka 19.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya siku ya kwanza, mpeleke kwa daktari wenu kama amewahi kuzimia, kupata kifafa, kuumia kichwa vibaya au kuwa na tatizo la moyo au macho. Nenda mwenyewe Ashfield Ijumaa moja, omba kuonana na anayesimamia vijana, umuulize nani anakaa na mtoto akipelekwa hospitali, bima inalipa nini na hailipi nini, na jibu la mwisho akuonyeshe kwenye karatasi. Bima ya kawaida ya maisha au safari mara nyingi haigusi mbio za pikipiki, kwa hiyo usitegemee uliyonayo.

Akishaanza, akianguka na kugonga kichwa, siku hiyo hapandi tena hata akikuapia yuko sawa, na harudi mpaka daktari amruhusu. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, maumivu ya kichwa yakizidi au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, piga 999. Akilalamika ganzi au udhaifu wa miguu au mikono akiwa bado chini, asiinuliwe na mtu yeyote ila wahudumu. Na jambo dogo ambalo hupita bila kuonekana: akiangukia kiganja na baada ya siku chache bado anaumia kwenye kibonde kilicho chini ya kidole gumba, mrudishe hospitali hata kama picha ya kwanza ilionyesha hakuna kitu. Kuna kamfupa pale ambako ufa wake mara nyingi hauonekani mwanzoni, na kakiachwa, mkono unaoshika klachi hautakuwa sawa tena.